Minyororo ya Kifaru cha Mzee Teodori

Pikipiki ilisimama mbele ya duka la Kornelia kwa breki ya hasira, na kabla vumbi halijatulia Rogath, kijana wa kijiwe cha stendi, alikuwa ameshaanza kufoka.

"Mama Clara, chukua mzee wako! Leo nimemkuta kule Bonga, katikati ya lami, amenyoosha mkono kama trafiki. Basi la Dodoma limeserereka mpaka abiria wakaanza kusali."

Nyuma yake Mzee Teodori alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote. Alishuka bila kusaidiwa. Akamtazama binti yake kama mtu anayemtazama karani aliyechelewa kufungua dirisha.

"Mnyororo umepatikana?"

"Bado, baba."

"Gerson ananisubiri. Yuko kwenye matope tangu jana."

Kornelia alimwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti nyuma ya kaunta, kati ya maboksi ya plagi na tairi zilizoning'inia. Kisha akarudi nje akampa Rogath nauli yake, na juu ya nauli plagi mpya ya pikipiki.

"Hiyo ni ya mdomo wako. Nikisikia habari ya basi imefika sokoni, vipuri utanunua Singida."

"Mimi sisemi, mama. Ila siku nyingine dereva hatakuwa na breki nzuri kama huyu wa leo."

Hilo hakuhitaji kuambiwa. Siku moja basi halitaserereka, au litaserereka na kumkuta pale pale. Gerson, huyo anayesubiriwa, alikufa kwenye vita vya Kagera, Kornelia hajazaliwa. Lakini ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeingia kwa mzee ukachagua wenyewe cha kuchukua. Ulichukua jina la marehemu mke wake, ukachukua njia ya chooni, ukachukua sura za wajukuu. Ukaacha matope, Gerson, na mnyororo uliokatika wa kifaru cha jeshi.

Kornelia hakuwa mtu wa kulialia. Alianza kwa kuuza ndoo za mtumba mnadani, anachukua mali kwa maneno matupu asubuhi na kuilipia jioni. Mume alikwenda machimboni Mirerani. Mwaka wa kwanza simu iliita, mwaka wa pili ikawa haipatikani. Binti yao Clara yuko chuoni Dodoma kwa sababu ya duka hili, wala si kwa sababu ya mtu yeyote. Alichojifunza katika miaka yote hiyo ni kwamba kila binadamu anayekusumbua anataka kitu. Ukijua ni kitu gani, ukampa, ataondoka kaunta kwa amani.

Kaka yake Wilbert, mwenye kukaa Arusha na ushauri mwingi, alikuwa amempigia simu. "Mfungie ndani. Ni kwa faida yake." Kornelia alimfungia, siku moja tu. Aliporudi nyumbani Nakwa jioni alikuta ubao wa mlango una damu chini ya kitasa na kucha za mzee zimevunjika. Mzee alikuwa amehangaika kutwa nzima, akidhani anatoka kwenye kifaru kinachoungua. Alipompigia Wilbert kumweleza, Wilbert alisema yuko kwenye kikao.

Basi ikabaki njia moja, nayo ilikuwa sebuleni, juu ya stuli mbili.

Kifaru. Mzee alikitengeneza kwa mikono yake, mfano wa kile alichoendesha vitani, akili ikiwa bado nzima, alipostaafu jeshi na kuchoshwa na mahindi. Urefu wake unazidi kreti ya soda kidogo. Bodi ni bati la madebe ya mafuta ya kupikia, lililokunjwa na kuchomelewa kwa subira mpaka likaacha kufanana na debe. Mzinga ni bomba la pampu ya baiskeli. Kwa magurudumu alitumia beringi kuukuu za pikipiki, matano kila upande, na lile la kwanza aliliacha mbali kidogo na la pili. Kornelia alidhani amekosea vipimo.

"Ndivyo kilivyokuwa," mzee alimjibu wakati ule. "Ukiona pengo limekaa mahali pengine, jua hicho si chetu."

Kilikosa kitu kimoja, minyororo ya kutembelea. Mzee aliahirisha na kuahirisha, akisema hataki kukivisha uongo, mpaka ugonjwa ukamwahi.

Hesabu ya Kornelia ilikuwa nyepesi. Mzee anatoka kwenda kutafuta mnyororo. Akipewa mnyororo, hana cha kutokea. Mteja akishapata kifaa chake, anabaki dukani kufanya nini?

Alianza na kilichokuwa karibu, cheni ya baiskeli. Mzee alifumba macho akaipitisha vidoleni taratibu.

"Hii ni ya mtu wa maziwa," akasema, akamrudishia.

Akamletea cheni ya ndani ya injini, ile nyembamba iliyobanana. Mzee aliipima kiganjani, akaguna. "Hii inakatwa na kisigino cha mtu." Kornelia akaenda kwa fundi wa viatu vya matairi, akachongewa ukanda wa mpira wenye meno, kazi safi kabisa, mwenyewe aliipenda. Mzee aliushika, akamgeukia binti yake kwa huruma ya kweli.

"Mpira? Mama, wewe ulipigana vita gani?"

Siku hiyo hiyo alitoka tena. Alirudishwa na mwanamke muuza samaki, yeye mzee miguu mitupu, viatu vyake havijaonekana mpaka leo.

Ndipo Kornelia alipofunga duka mchana, jambo asilolifanya hata kwa msiba wa jirani, akapanda bajaji kwenda Bonga kwa Mzee Sylvesta. Ndani ya kifaru kile walikuwa wanne: baba yake kwenye usukani, Sylvesta kwenye mzinga, Gerson mpakia makombora, na kamanda wao ambaye alikuja kufa kwa sukari miaka mingi baada ya vita. Aliyebaki na akili zake ni Sylvesta peke yake. Alimkuta uani anapepeta alizeti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Teodori ameshakufa?"

"Hapana."

"Basi keti. Nilivyokuona na bajaji mchana nikajua umeleta taarifa."

Kornelia akaketi juu ya gunia na kumweleza shida yake. Mzee Sylvesta alicheka mpaka akakohoa.

"Umeanza kuuza vipuri vya vifaru, Mama Clara?"

"Wanunuzi wakiwepo, nitauza. Niambie tu hiyo minyororo ilikuwaje."

"Ilikuwa ile ya zamani. Chuma kwa chuma, hakuna mpira wala nini. Kifaru kikitembea kinalia, adui anakusikia kabla hajakuona. Baadaye ilikuja ya kisasa, pini zake zimevishwa mpira kwa ndani, inakwenda kimya, imebana. Ile sisi tuliiona vita vimekwisha. Hata picha nyingi wanazoweka watu siku hizi ni hiyo ya kisasa. Usimvishe hiyo. Na isibane. Yetu ililala juu ya magurudumu, imelegea."

Kornelia alimwambia aeleze vizuri, fundi hawezi kufanyia kazi hadithi. Mzee akainama penye tope la maji ya kuku, akafinyanga pingili moja kwa vidole: ubapa mpana, kingo zenye mikunjo ya kupokeana, na katikati, upande wa ndani, jino moja limesimama.

"Jino hili linapita kati ya magurudumu. Na pini zinaingia kutokea ndani. Vichwa vyake vinatazama bodi, havitazami nje. Shika hilo. Vikiwa nje, Teodori atakutupia usoni."

Aliiweka pingili ya tope juani. Kisha akarudi kuondoa makapi kwenye alizeti yake.

"Huyo anayesubiriwa. Unajua alikufaje?"

"Kwa vita."

"Pini ilitoka. Mnyororo ukafunguka kama mkanda wa suruali, tukakaa pale matopeni. Gerson akashuka na nyundo. Baba yako alikuwa amechomoza kichwa kwenye tundu la dereva, anamwelekeza. Hapo. Hapo, gonga hapo. Basi, kombora likaja." Akapepeta tena. "Teodori hakuongea mpaka tuliporudi mpakani Mutukula. Mimi, mama, ningekuwa wewe, leo ningempa cheni ya baiskeli, na kesho ningempa nyingine."

"Na basi la Dodoma?"

"Basi linaua mara moja."

Kornelia aliyaona hayo kuwa maneno ya mzee aliyekaa na kuku kutwa. Yeye hana mzee anayepaswa kumlinda barabarani, anaweza kusema anachotaka. Alisubiri tope likauke, akaifunga pingili kwenye khanga, akaaga.

Kutoka hapo akaenda kwa Herieli, fundi anayeyeyusha alumini nyuma ya soko na kutengeneza sufuria na miko. Alipoonyeshwa kile kipande cha tope alikigeuza geuza mkononi.

"Nitengeneze kimoja kama hiki?"

"Vya kuzunguka pande zote mbili."

"Mama Clara, hiyo kazi ni ya kichaa. Acha nikutengenezee sufuria ya pilau, utakula."

"Nina gunia la pistoni mbovu na vichwa vya silinda. Mali safi ya kuyeyusha."

"Limejaa?"

"Limejaa."

"Limejaa kweli, au limejaa kwa maneno yako?"

"Njoo na mtu wa kulibeba. Ukilinyanyua peke yako, kazi nifanyie kwa pesa."

Herieli alikuja na mtu. Akachukua kazi.

Pingili za kwanza zilitoka nzuri, zinang'aa, lakini upande wa ndani ulikuwa bapa.

"Jino liko wapi?"

"Jino linaharibu kalibu ya kumiminia, mama. Kila nikitoa, mchanga unabomoka. Na liko ndani, nani ataliona?"

"Hataliona. Atalipapasa."

"Basi mwambie limeng'oka!"

"Herieli, mteja wako akitaka sufuria yenye mfuniko, unamwambia mfuniko umeng'oka? Rudia."

Alirudia, akitukana chini chini kwa Kimbulu, akidhani hasikiki. Kornelia alimjibu kwa Kimbulu hicho hicho, na Herieli akacheka mpaka akaangusha koleo. Mara ya pili meno yalikuwepo. Pini alitumia misumari midogo, lakini aliipiga yote kutokea nje, vichwa vimejipanga kwa mstari kama vifungo vya sare. "Angalia inavyopendeza," akasema, na kweli ilipendeza. Kornelia alichomoa msumari mmoja kwa koleo akamwekea mkononi.

"Vyote. Vichwa vitazame ndani."

"Huyo mzee wako alikuwa jenerali?"

"Alikuwa dereva. Vitazame ndani."

Kazi ilipokwisha hakuna aliyeweza kusema si yenyewe. Kornelia aliilaza juu ya kaunta, akasukuma ncha yake kwa kidole, ikajikunja pingili baada ya pingili na mlio mdogo wa chuma. Alihisi raha ile anayoijua, ya kupata mali sahihi kwa bei yake. Mtu wa kumwonyesha hakuwepo, akaifunga kwenye gazeti.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, alikitoa kifaru uani, akakivisha minyororo yake. Aliilaza ikalegea juu ya magurudumu kama alivyoambiwa. Kisha akamleta mzee, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, jua likimpiga magotini.

"Baba, mnyororo umefika."

Mzee hakutazama. Alinyoosha mikono na kufumba macho, na vidole vikaanza kutembea. Vilipita juu ya ubapa, vikaenda ukingoni, vikashuka pale mnyororo ulipolala juu ya gurudumu. Vikaingia ndani, vikakuta jino. Vikasimama. Vikasogea, vikakuta vichwa vya pini, kimoja, kingine, kingine.

Alikisukuma kifaru hatua moja. Kililia juu ya sementi.

"Ndio huu," akasema.

Alitabasamu. Kornelia hakuwa ameyaona meno yale ya pembeni tangu msimu wa mvua uliopita. Kichwani mwake alikuwa ameshaanza kupanga: kesho atafungua duka mapema, atamwacha mzee uani na kifaru chake, atamwambia jirani amtupie jicho. Jambo limekwisha.

Mzee aliendelea kupapasa. Kuna mahali msumari mmoja haukuzama sawasawa, kichwa chake kimetokeza kidogo tu kuliko vingine. Kidole kilifika pale, kikapita, kikarudi.

"Hapo," akasema polepole. "Hapo. Gonga hapo."

"Baba?"

"Gonga hapo."

Alifumbua macho akamtazama, na Kornelia akashtuka, kwa sababu aliyekuwa anamtazama alikuwa baba yake. Si yule wa miaka hii miwili. Yule aliyemfundisha kupiga hesabu za kichwa njiani kwenda mnadani.

"Kornelia," akasema.

Hakuwa amelisikia jina lake mdomoni mwa baba yake kwa muda mrefu, hata likamwia kama la mtu mwingine. Akataka kuitika, mzee akamwahi.

"Gerson amekufa."

Angeweza kusema hapana. Alishawahi kuwaambia wateja kwamba kipuri cha kuchonga ni halisi, bila kupepesa macho. Lakini kwa miezi mingi alikuwa anatafuta siku mzee atakapotazama na kuona, na siku hiyo ilikuwa imekuja.

"Ndiyo, baba. Zamani sana."

"Mbona hamkuniambia?"

Hakulia. Kama angelia Kornelia angejua la kufanya, angemfuta na kumpa chai. Mzee aliweka mikono yake magotini, akaiangalia, hasa mkono wa kulia, kile kidole cha kuelekezea. Jua likatoka magotini likapanda kifuani, likahama. Alipoambiwa waingie ndani, aliingia.

Tangu siku hiyo hajatoka. Geti la nyumba linakaa wazi kutwa nzima, kuku wa jirani wanaingia na kutoka, yeye hata hageuki. Rogath alipita dukani kununua mkanda wa breki, akauliza habari zake.

"Mzee ametulia siku hizi. Hatumwoni barabarani."

"Ametulia."

"Dawa gani umempa, mama? Bibi yangu naye anatusumbua."

Kornelia alimpa mkanda wa breki.

Ulaji wake ni vijiko viwili vya uji, akilazimishwa. Daktari alimpima akasema mwili hauna shida, ila mgonjwa ni kama hataki. Wilbert alipiga simu akafurahi kusikia mzee hatembei tena ovyo. Akasema aliwaambia, mambo hutulia yenyewe.

Kornelia hakukubali kushindwa upesi. Mkataba mbaya unavunjwa, alijisemea. Aliivua ile minyororo, akampelekea Herieli aiyeyushe mbele ya macho yake, na Herieli, aliyekuwa ameizoea kazi yake mpaka akaipenda, aliiyeyusha huku amenuna. Akarudi nyumbani, akakichukua kifaru kikiwa kitupu kama zamani, akakiweka mbele ya mzee, akangoja.

"Baba, mnyororo umekatika," akamwambia. "Twende tukautafute? Gerson anakusubiri."

Hata yeye aliisikia sauti yake, sauti ya muuzaji anayembembeleza mtu aliyekwisha kufunga pochi. Mzee alimtazama kwa upole.

"Usiseme hivyo. Gerson amekufa."

Ugonjwa haujasimama. Jina la Kornelia ulishalichukua tena, siku ya tatu tu. Umechukua kijiko na matumizi yake, umechukua nusu ya sala ya Baba Yetu. Kila wiki unaondoka na kitu. Kifo cha Gerson peke yake haukichukui, wala mzee hakumbuki kwamba alishakijua jana, kwa hiyo kila asubuhi anakipokea kikiwa kibichi. Anaamka, anakaa ukingoni mwa kitanda, na Kornelia akiwa mlangoni na kikombe anaona kinavyomfikia, kuanzia mabegani.

Kisha anauliza.

"Mama yake ameambiwa?"

"Ameambiwa."

"Alisemaje?"

Mara ya kwanza Kornelia alisema yule mama alishukuru kwa taarifa. Mzee akatikisa kichwa. Hakuna mama anayeshukuru. Mara nyingine alisema mama alilia, na mzee akataka kuvaa viatu aende kumpa pole, akashindwa kusimama. Mara nyingine alisema mama hakusema kitu, na hilo lilikuwa baya kuliko yote, kwa sababu mzee alilielewa.

Jana alichoka akamwambia ukweli. "Mama yake alikufa siku nyingi, baba. Kule kwao Mbulu. Hayupo."

Mzee aliitazama chai mpaka ikapoa kabisa.

"Basi na yeye amekufa," akasema.

Leo asubuhi ameuliza tena.